Mshono wa Kona

Mume wangu,

Sisi hatujambo. Cherehani yako inakwama, na mama yako bado anagombana na kuku wa jirani.

Ulipoondoka ulisema mnakwenda kufuta mipaka, waumini wote wawe umma mmoja. Kweli mmefika mbali. Bendera yenu nimeiona kwenye simu ya shoga yangu, ikipepea juu ya shule mliyoifunga, na hiyo ni nchi ya tatu. Yeye alitazama bunduki, mimi nikatazama pindo. Kona imepigwa uzi mara tatu, kisha ukarudishwa nyuma. Mshono huo uliubuni kwa gauni langu la harusi, ukaapa hutamshonea mwingine. Kumbe umeoa mke wa pili, na ni kitambaa cheusi!

Jana askari walipita kwa mafundi cherehani wote, hata hapa kwetu, na bendera yenu moja. "Mama, mshono huu ni wa nani?" Wivu ulinipanda mpaka kwenye ulimi.

Nikasema siujui.

Walipotoka nililifumua gauni langu. Uzi wake ndio niliofungia barua hii. Mshonee mke mwenzangu.

Ni mimi, bi mkubwa wako.