Jiwe Nililorusha Mlimani

Kambini, chini ya milima ya Mahale,
Mkoa wa Kigoma.

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Nakuamkia kwa magoti yote mawili, na ukimaliza kusoma haya utaona kwamba hata magoti hayatoshi. Mimi, shemeji yako Kassim na mwanao Asha tuko wazima. Mama mguu wake unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa karani wa meli imefika, au ameichua miguu yake mwenyewe? Na wewe jino lako limetulia?

Bahasha hii ina karatasi fupi na karatasi ndefu. Fupi msomee Mama uani, hata majirani wakisikia si neno. Ndefu ni yako peke yako. Ukishaisoma itie jikoni chini ya chungu.

Huku sabuni imekuwa hadithi. Duka la ushirika lina chumvi na viberiti, na siku nyingine lina viberiti tu. Tangu watu wa vijiji vya mlimani walipohamishiwa kijiji cha ujamaa kule mbele, tumebaki familia za wafanyakazi wa kambi, nyumba saba, na nyani wanaotuibia muhogo mchana kweupe. Asha ana meno yote ya mbele na ananing'ata nayo.

Sasa nisikilize.

Unamkumbuka Rukia, binti wa yule mzee wa Kiarabu aliyekuwa akiuza vitambaa kwenye kibaraza pale kwetu Mtendeni? Kassim alimposa yeye kabla yangu. Baba yake akasema hamwozi binti aliyesoma kwa mrina asali anayelala porini na nyuki. Miezi minane baadaye posa ikaja kwetu. Hakuna aliyesema kitu, hata wewe hukusema, lakini mimi tangu siku ile nimeikaa ndoa yangu kama mtu anayekula chakula alichopakuliwa mwenzake. Kila Kassim akinyamaza nadhani anamuwaza yeye. Akicheka, nadhani amemkumbuka.

Basi mwezi uliopita Kassim alirudi kutoka ofisini na karatasi ya wageni. Unajua kazi yake ndiyo hiyo, kuwapandisha wageni mlimani wakawaone sokwe, siku moja au mbili, kisha wanarudi kwao. Akasema, "Safari hii ni watu wa kwetu. Walimu sita kutoka Tabora." Nikamwambia, "Nisomee majina." Akasoma matano. La sita hakulisoma, akaikunja karatasi na kusema muhogo unaungua.

Muhogo haukuwa unaungua, dada. Aliporudi kazini niliitoa ile karatasi mfukoni mwa koti aliloacha nyumbani. Jina la mwisho lilikuwa Rukia, na baada yake lilifuata jina la baba yake, si la mume.

Siku ya kuja kwao Kassim alinyoa ndevu. Akatia mkaa kwenye pasi, akapiga shati la kaki mwenyewe, akarudia kola mara mbili. Miaka mitatu nimempigia pasi mimi! Nikamwuliza, "Unaenda kuozwa?" Akajibu, "Naenda kuwapokea watu wa nyumbani, Tatu. Nawe vaa vizuri." Nikavaa khanga iliyochakaa kuliko zote, makusudi, nijue kama ataona. Hakuona.

Boti ikafika, wakashuka. Mbele mwalimu mkuu, mzee mwenye kofia ya kiua, halafu wenzake, halafu yeye. Hakunenepa, hakukonda, na ule mwanya wake ungalipo. Akanijia moja kwa moja, akanishika mikono na kuniamkia Kinyamwezi, "Tatu, mdogo wangu! Mwangaluka! Wazee wetu walikuja huku kwa miguu na pembe za ndovu mabegani, sisi tumekuja tunasinzia kwenye gari moshi." Akanipa kifurushi cha kashata za karanga na chupa ya asali ya miombo. Akamletea asali mrina asali! Kassim akafungua kizibo, akanusa, akacheka kicheko ambacho mimi sijawahi kukisikia nyumbani kwangu.

Asubuhi yake walipokuwa wanajiandaa kupanda, nikasema, "Na mimi nakwenda."

Kassim akanitazama. "Miaka mitatu nakubembeleza uje uwaone, unaniambia nani apande mlima kutazama manyani."

"Leo nimetaka."

Nikamwacha Asha kwa jirani, nikajitwisha mzigo wa miwa, maana sokwe wa huku hushushwa kwa miwa, nikafuata nyuma.

Njia ni mbaya, dada, mizizi kama vidole vya mzee. Kwenye kijito cha pili mawe yana utelezi. Kassim akampa mkono mwalimu mkuu, akampa mkono Rukia, akawapa na wengine. Zamu yangu ilipofika, mimi niliyekuwa na mzigo kichwani, akasema, "Tatu, jiwe hilo linacheza, kanyaga la kushoto," akageuka. Huenda alijua mimi siwezi kuanguka. Wakati ule sikuwaza hivyo.

Tulifika penye uwazi, Kassim akaimwaga miwa katikati, tukachuchumaa nyuma ya magugu. Kassim akatupa masharti kwa sauti ya chini: hakuna kusema, hakuna kula, hakuna kusimama, wala kuokota chochote. Tukangoja mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha kikaanza kilio huko juu, huu, huu, huu, kikapanda mpaka kikawa ukelele, na mtu (nilidhani ni mtu) akapiga mizizi ya mti kama anayepiga ngoma ya manyanga.

Wakashuka. Kwanza dume mmoja, mabega mapana, nywele zimesimama. Halafu jike na mtoto kifuani. Jike alikuwa na bungo mkononi. Akalipasua kwa meno, akanyonya kokwa, na mtoto akanyoosha mkono kumwomba, kiganja juu, vilevile anavyoniomba Asha. Akampa. Wale walimu walikuwa hawapumui.

Ndipo nilipotazama pembeni. Kassim alikuwa ameinama, mdomo wake karibu na sikio la Rukia, anamnong'oneza. Na Rukia machozi yanamtoka, anatikisa kichwa polepole kukubali.

Dada, sitasema shetani alinipitia. Nilikuwa na akili zangu. Mkono ukapapasa chini, ukakuta jiwe kiasi cha limau, nikalirusha kwa nguvu zangu zote.

Lilipiga shina karibu na yule jike. Akapiga ukelele, akamkumbatia mtoto, akatoweka. Dume akang'oa kijiti na kukikokota, akaja mbio upande wetu kama ng'ombe aliyekata kamba. "Laleni!" Kassim akapaza sauti, akasimama yeye katikati, mikono kaikunja kifuani, kajifanya mdogo. Yule dume akapita hatua mbili tu kutoka kwake, akaingia msituni. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaanza kukimbia, akajikwaa, akaangukia mkono. Tuliusikia ukivunjika.

Uwazi mtupu, miwa yangu imetapakaa pale. Watu walikuwa wamesafiri siku nne kwa kitu walichokiona kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Kassim akauona mti, akaona alama nyeupe kwenye gamba. Akautazama mkono wangu wenye udongo. Akamfunga mwalimu mkuu mkono kwa fimbo na khanga yangu, tukashuka.

Kambini Mkuu wa kambi, mtu wa miwani na maneno machache, akatukusanya. "Nani aliyewashtua wanyama?" Kabla sijafumbua mdomo Kassim akasema, "Ni mimi, ndugu Mkuu. Niliona nyoka, nikamrushia jiwe bila kufikiri." Mkuu akamtazama sana. Akasema kiongozi asiyeweza kuzuia mkono wake hafai kushika roho za watu, akamwondoa kuongoza wageni, akamtia shamba la miwa. Kassim wangu, anayewajua sokwe wale mmoja mmoja kwa sura, kama wewe unavyowajua watu wa Mtendeni!

Jioni hiyo nilikuwa mtoni nasugua sufuria. Rukia akaja, akachukua mchanga, akaanza kusugua nami. Sufuria ilipoanza kung'aa akasema, "Nilikuona."

Nikaendelea kusugua. "Mbona hukusema?"

"Ningesema, Kassim angeonekana mwongo."

"Unamwonea huruma mume wangu?"

"Namwonea huruma, ndiyo."

Nikaitupa ile sufuria. "Rukia, sema kweli. Mmekuja walimu sita kutazama sokwe. Wewe ulikuja kutazama nini?"

Dada, nilitaka akane. Nilimwomba Mungu akane. Akanawa mikono taratibu, akasema, "Nilikuja kumwona Kassim. Baba alifariki mwaka jana, na kabla hajafa aliniambia alikosea. Nikataka nijue na mimi kama nilikosea kumtii. Hilo tu."

"Na umejua?"

"Nimeona," akasema, akajifunga mtandio, akaondoka. Ameona nini? Hakuniambia. Asubuhi boti ikawachukua, mwalimu mkuu mkono shingoni, na Rukia hakugeuka nyuma. Laiti angegeuka, ningejua. Hakugeuka.

Siku kumi Kassim alikwenda shambani na kurudi mikono imekatwa na majani ya miwa. Hakunigombeza. Anakula, anacheza na mtoto, analala. Dada, afadhali angenipiga maneno. Siku ya kumi na moja nikamwacha aondoke, nikaenda ofisini mwenyewe.

"Ndugu Mkuu, lile jiwe nilirusha mimi. Mume wangu alinifichia."

"Kwa nini ulirusha?"

"Wivu."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema, "Katika fomu hii hakuna mahali pa kuandika wivu." Akaandika uzembe. Kassim akarudishiwa kazi yake, baada ya kuonywa kwa kusema uongo. Mimi nimepigwa marufuku kuvuka kijito cha kwanza, siku zote za maisha yangu hapa kambini.

Nilidhani Kassim atafurahi. Ndiyo siku aliyokasirika. "Mimi nilikwisha kulimeza," akasema, "wewe umekwenda kulitapika mbele za watu. Sasa kambi nzima wanajua nyumba yangu ina nini."

"Ina nini?"

"Ina mwanamke asiyeniamini."

Nikaona ni wakati wa kuuliza au niache milele. "Siku ile ulimnong'oneza nini?"

Alifikiri kwanza, kama hakumbuki. "Nilimwambia asimtazame dume machoni."

"Basi?"

"Basi."

"Mbona alilia?"

"Watu wengi hulia, Tatu. Hata mwalimu mkuu alikuwa analia. Hukumwona?" Kisha akaniuliza, bila ukali, "Wewe kule juu ulikuwa unawatazama sokwe, au ulikuwa unamtazama Rukia?"

Jibu nimelitafuta mpaka leo. Ninachokumbuka vizuri cha safari ile ni yule mtoto na kiganja chake. Mengine yote yalikuwa shingo ya Rukia, sikio la Rukia, mtandio wa Rukia.

Sasa Kassim ameanza kuzungumza tena, kidogokidogo. Akirudi namwuliza yule jike ameonekana, na mtoto wake je? Jana akaniambia wameonekana upande wa pili wa bonde, wazima wote wawili. Nilikaa jikoni nikalia, sijui nilimlilia nani. Wiki ijayo wanakuja wauguzi kutoka Kigoma mjini, na pasi nimekwisha kuificha. Niseme uongo kwamba nimepona? Sijapona.

Nina maombi kwako. La kwanza, mpelekee yule mwalimu mkuu kuku na mchele, umwombe radhi kwa ajili yangu, mwambie ukweli wote. La pili ni zito zaidi. Nenda kwa Rukia. Kalamu yangu haiwezi kumwandikia, nimejaribu, karatasi mbili nimezichana. Mwambie Tatu amekiri mbele ya Mkuu, Kassim amerudi kazini, na wale sokwe wapo. Mwambie anisamehe.

Nisalimie Mama na umwambie namwombea dua. Msalimie Mjomba fundi viatu na wake zake wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake wasigombane. Msalimie kaka yetu wa reli, na wifi aliyejifungua, na Bibi wa Ulyankulu mkimwona. Shemeji yako anakusalimu, ingawa hajui nimekuandikia haya.

Na ukiwa kwa Rukia, dada, usiinamishe kichwa kwa aibu yangu. Utakapolitaja jina la Kassim, mtazame usoni. Halafu uniandikie alivyoonekana, na kama kuna mtu ameleta posa. Usinifiche hata kidogo.

Ni mimi mdogo wako mwenye roho mbaya, akupendaye,

Tatu