Mstari Niliousoma kwenye Mazishi ya Sanka

Kaana, mbona hupokei simu? Basi soma tu.

Nimetoka kumzika Sanka Moto, yule msanii wetu, huku Moshono. Si unajua familia yake iliniomba niandike historia ya marehemu na niisome? Walinichagua mimi kwa sababu nilimtetea mitandaoni tangu mimi na wewe tukiwa chuo. Watu wakisema ametelekeza mtoto, nawajibu ni wivu.

Mimi huyo, Kaana!

Nikasoma mbele ya umati wote: "Marehemu hakujaliwa kupata mtoto." Baba yake mdogo ndiye aliyeniambia niandike hivyo. Na Sanka mwenyewe si alikuwa akiapa redioni kila mwaka kwamba hana mtoto?

Ikafika zamu ya mashada. MC akaita wazazi, akaita ndugu. Watoto hakuwaita, kwa sababu yangu. Akatokea binti wa miaka kama tisa, amevaa sare ya shule, ua moja mkononi. Ana mwanya wa Sanka. Ule ule, Kaana!

Baba mdogo akanong'ona, "Namnyaki tena? Mrudisheni."

Anamjua kwa jina! Wote walikuwa wanamjua!

Binti akaja moja kwa moja kwangu. "Shikamoo dada. Nani alikuambia baba hana mtoto?"

Ningemwambia kwamba ni baba yake mwenyewe, redioni?

Nikamshika mkono, nikampeleka kaburini mbele ya macho yao yote, akaweka ua lake. Karatasi bado ninayo. Ule mstari nimeukata kwa kalamu mpaka karatasi imechanika.

Lakini Kaana, yeye ameshausikia. Kwa sauti yangu.