Kapu Lililoshuka Kutoka Ghorofa ya Nane

Mpendwa mshauri,

Niwie radhi kwa kukawia kukuandikia, kalamu nimeishika mara nyingi nikaiweka, mara mtoto analia, mara sufuria inafurika, mara naona aibu tu, maana jambo lenyewe nikilisimulia hata masikio yangu hayaliamini, lakini sasa limenifika shingoni na naomba msaada wako kabla sijampoteza mtoto, au mama mkwe, au wote wawili.

Mimi nashona kola katika kiwanda cha sare. Nina mtoto mmoja wa kiume, ana miaka miwili na kidogo, tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haufungwi. Tunakaa ghorofa ya nane, kwenye jengo lililobanwa kati ya soko na barabara kuu, na lifti ilikufa zamani, msimamizi ukimuuliza anakwambia fundi yuko njiani, sijui njia gani hiyo isiyofika. Mume wangu ni dereva wa lori, barabara inamjua kuliko kitanda chake. Niliporudi kazini mama yake akaja kunisaidia kulea, na Mungu ni shahidi yangu, ni mama mwema, nikirudi hoi ananiambia kaa mwanangu, kazi haina mwisho. Ila magoti yake yamevimba, na tangu lifti ife hajakanyaga ardhi.

Kwa ajili ya magoti hayo ndipo nikatundika kamba kwenye balkoni. Nilichukua kamba mbili za kuanikia nguo nikaziunga kwa fundo, nikafunga kapu, nikamwelekeza mama, nikamwambia usihangaike na ngazi, fundi viatu aliye pale chini atakununulia vitunguu, ataviweka kwenye kapu, wewe utavuta, hapa kwetu kila kitu kinapita kwa kamba.

Sasa siku moja umeme ulikatika kiwandani tukaachiwa mapema. Nafika kwenye kona naona watoto wameinua nyuso wanapiga makofi, nami nikainua wangu. Lilikuwa kapu langu kubwa la nguo chafu. Limefika usawa wa ghorofa ya nne, linazunguka polepole, na ndani yake kuna kichwa. Nikakijua kwa kofia. Nikakimbia kuelekea chini yake, na juu kule namsikia mama mkwe anaimba bila wasiwasi, "Shuka mume wangu, shuka taratibu, bibi amekushika." Fundi viatu akanyoosha mikono akampokea, akamfungua shuka aliyofungwa kifuani, akanigeukia anacheka.

"Mama Chiriku! Leo umewahi."

"Hiki ni nini?"

"Si mtoto anashuka kucheza? Kabla hujarudi huwa tunampandisha. Kwani hujui?"

Mshauri, mtaa mzima ulijua! Muuza matunda alijua, dobi alijua, jirani wa ghorofa ya tano humpa biskuti akipita dirishani kwake. Mimi mwenye mtoto tu ndiye niliyekuwa gizani.

Nilipanda na mtoto mgongoni.

"Umerudi, mwanangu? Chai iko tayari," mama akasema.

"Mama, umemshusha mtoto kwa kamba!"

"Alikuwa analia. Kutwa kabandika uso kwenye vyuma vya balkoni anatazama wenzake. Na wewe ndiye uliyesema kila kitu kinapita kwa kamba."

"Vitunguu, mama! Nyanya!"

"Nyanya ikianguka inapasuka. Nimekupasulia hata moja?" Akanikunjulia viganja. "Nimevuta maji kisimani tangu sijaota magego. Mikono hii haijawahi kuachia kamba."

Mikono yake ni kweli haiachii. Lakini lile fundo la katikati nililifunga mimi, na nililifunga kwa ajili ya vitunguu.

Kamba nimeificha chini ya godoro. Mama amenuna, anasema nikimwambia mwanawe, yeye mama ataondoka na sitamwona tena, na akiondoka sina wa kumwachia mtoto, kazi itaniponyoka. Chiriku anaingia kwenye kapu sebuleni analia "shuka, shuka". Na juzi nafungua mlango namkuta fundi viatu anahema, kapanda na kamba mpya, nene, ya nailoni. "Bibi kaniagiza," akasema, "eti ile ya zamani nyembamba." Chini kuna nyumba tupu karibu na jenereta la maduka, lakini mume wangu aliikataa kwa sababu ya kelele.

Naomba unitumie maneno ya kumwambia mama bila kumvunjia heshima, na maneno ya kumwambia mume wangu. Pole usinitumie, ninazo za kutosha.

Mama Chiriku

JIBU

Mwanangu, barua yako nimeisoma nimesimama, na nilipofika kwenye biskuti za dirishani nikakaa.

Pole hukutaka, basi chukua ukali. Kamba iliyofichwa chini ya godoro ni kamba inayosubiri. Ikate leo, vipande vifupi visivyofungika tena. Ile ya nailoni mrudishie fundi viatu, umwambie miguu iliyoleta kamba ghorofa ya nane ingeweza kumfuata mtoto kwa ngazi.

Halafu jitazame na wewe. Umemtundika mama wa watu hewani, hana jua, hana wa kuzungumza naye, ukamwachia mtoto anayelilia wenzake, ukamkabidhi kamba. Alitumia alichokuwa nacho. Amekosa, tena kosa la kutisha, lakini hakukosa mapenzi.

Mwambie hivi: "Mama, mikono yako naiamini. Fundo ndilo nisiloliamini, na fundo ni langu." Hapo utakuwa hujamvunjia heshima, wala hujamdanganya. Akinuna, mwache anune. Kununa kunapona.

Mumeo mwambie mwenyewe kwa simu, mama yake akiwa ameketi papo hapo ulipo, kabla hajaegesha lori na kuambiwa na mtaa mzima. Akianza kupandisha sauti, muulize swali moja tu: mlio wa jenereta na mlio wa kapu likitua sakafuni, upi hauvumiliki? Kisha hamieni kwenye ile nyumba ya chini. Hakuna mtoto aliyeanguka kutoka kwenye kelele. Mama atatoa kiti nje, Chiriku atacheza mbele ya macho yake, nawe utashona kola zako kwa amani.

Sasa zamu yangu kuomba. Nitumie habari ya siku mliyohama. Nitumie neno moja kutoka kwa mama mkwe, hata likiwa la kunitukana. Na nitumie lile fundo, si picha yake, fundo lenyewe ndani ya bahasha, limekatwa pande zote mbili.