Nilivyoiwasha Mashine ya Kusaga

Mjukuu wangu Tumaini,

Hapa Kichiwa tu wazima, na babu yako anapalilia viazi. Umeniuliza vita vya Uganda vilibadili nini kwetu.

Fundi wa mashine ya kusaga alipokwenda vitani, nilijifunza kuiwasha mimi. Wazee walinicheka: "Binti, injini si sufuria ya ugali!" Siku ya tatu ikawaka, nami nikasagia kijiji kizima.

Fundi aliporudi, nilimkabidhi hendeli ya kuwashia injini. Akaikataa. Alisikiliza injini, akasema, "Kwangu haikuwahi kunguruma vizuri hivi." Kisha akabeba debe lake la mahindi, akapanga foleni nyuma ya wanawake.

Siwezi kuvisifu vita, mama. Lakini uchaguzi wa kijiji ulipofika, aliyelitaja jina langu nigombee uongozi ni fundi yuleyule.

Ni mimi bibi yako,
Atupele