Zamu ya Edie Kumsimulia Dubu

14 Mtaa wa Kirkby,
Maryport, Uingereza.
Jumapili, tarehe 2 Februari.

Mpendwa Dada Avril,

Hujambo, dada yangu? Na shemeji Ross, goti lake limepona au bado analitumia kukwepa kuosha vyombo? Huko Tasmania nyinyi mnaota jua, na sisi huku mvua inapiga madirisha kwa ubavu tangu Alhamisi. Shangazi yetu yupo, anakula vizuri, anamgombeza kila anayeleta gazeti limelowa. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo iko juu, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu, kwa sababu kwenye simu huwa naongea peke yangu, wewe unabaki kuguna tu.

Sikai nikatulia leo. Sasa hivi nimeinuka kwenda kutazama kama birika limechemka, kumbe hata maji sikuwa nimeweka. Shangazi ananiambia nimekalia siafu. Acha nikueleze, labda nikimaliza nitaweza kulala.

Unajua tangu Septemba mimi ni msaidizi wa mwalimu katika darasa la wadogo, wale wa miaka mitano. Yumo humo mtoto mmoja, Edie. Si mjinga hata kidogo, fumbo la picha analipanga kabla yangu. Shida yake ni lugha. Maneno yanamjia mawili mawili, kwa taabu, na ukimwambia jambo refu unaona limempita kama upepo. Mama yake, Janine, anahangaika naye karibu peke yake, maana baba yake, Craig, anafanya kazi kwenye mitambo ya umeme wa upepo baharini. Anakwenda majuma mawili, anarudi majuma mawili.

Kabla ya Krismasi alikuja mtaalamu wa usemi na lugha, Nuala Devlin, Mwairishi mmoja mtaratibu. Akakaa kwenye kiti cha kitoto pembeni, akatutazama asubuhi nzima. Saa ya chakula akanivuta kando. "Lorna, huyu mtoto unampenda sana," akasema. "Sasa mpe na yeye nafasi aseme." Alikuwa ameniona wakati wa maziwa: Edie hajafungua mdomo, mimi nimeshampa kikombe na mrija. Na watoto wenzake wameiga. "Bi Lorna, Edie anataka mrija!" "Bi Lorna, Edie anataka kwenda chooni!" Darasa zima lilikuwa limegeuka wakalimani, na mwenye maneno amekaa anakunywa maziwa yake kimya.

Basi Nuala akanifundisha. Nichuchumae mpaka macho yangu yalingane na yake. Niseme machache, polepole, nisimrushie maswali kama polisi. Nimpe kikombe kitupu halafu nijifanye sijui kimekosa nini. Akisema neno nisimsahihishe, nimrudishie lilelile nimeliongeza kidogo. Na kubwa kuliko yote, ningoje. Nihesabu moyoni hadi kumi kabla sijafungua mdomo. Dada, unatujua. Katika ukoo wetu nani amewahi kungoja hadi kumi? Nikifika nne tu ulimi unaniwasha.

Lakini kazi imeonekana. Mwezi uliopita alinyoosha kikombe akasema, "Taka maziwa." Nikasema, "Unataka maziwa baridi." Siku ya pili yake akaniambia mwenyewe, "Taka maziwa baridi." Nilikwenda kwenye stoo ya rangi nikalia kama mwehu.

Sasa tumbo joto langu ni hili. Alhamisi kuna mkutano. Wataamua kama Edie atabaki nasi au baada ya likizo fupi ataanza shule moja ya Carlisle yenye darasa dogo la watoto kama yeye. Wanachotaka kujua ni kimoja: je, anaweza kuwaeleza watu mambo yake bila mimi kusimama katikati? Nuala anasema darasa lile ni zuri, nami sibishi. Ila ni safari ya gari asubuhi gizani na kurudi jioni gizani, mtoto wa miaka mitano, na huku anaye rafiki yake Poppy anayemshika mkono kila mahali. Sitaki aende. Nakwambia wewe, kazini sisemi.

Na kesho ni zamu yake ya dubu. Kila Ijumaa dubu wa darasa letu, Bwana Barnaby, huenda kulala kwa mtoto mmoja, na Jumatatu mtoto hukaa kwenye kiti cha mbele na kuwasimulia wenzake dubu alifanya nini. Zamu ya Edie ya kwanza nilisimulia mimi, na makofi nikapigiwa mimi. Safari hii Nuala atakuwepo. Janine amenitumia picha: Barnaby bandarini, Barnaby na chipsi, Barnaby amevaa kofia ya kuogea. Chini kaandika, "Sema wewe Bi Lorna kama ile siku, tafadhali usimwaibishe mwanangu." Sijamjibu. Nitamwambia nini?

Naishia hapa, mkono umechoka na moyo haujatulia. Nitamalizia kesho.

Jumatatu, jioni.

Dada, nimerudi, na koti bado sijavua.

Edie alikaa kwenye kile kiti, Barnaby mapajani. Nikachuchumaa kando yake, nikamwekea picha, nikanyamaza. Mvua inanyesha, watoto wanajikuna. Poppy akashindwa kuvumilia. "Alikula chipsi! Mimi niliwaona!" Nikaweka kidole mdomoni. Mwalimu Fearon akatazama saa, akaninong'oneza, "Lorna, tuna hesabu sasa hivi." Nikafika kumi, nikaanza tena moja. Unaona aibu hadi shingo inapata moto, watu wote wanakutazama wewe kana kwamba maneno umeyaficha mfukoni.

Edie akazigeuza zile picha kifudifudi. Akamkumbatia dubu.

"Dubu lia," akasema.

"Dubu hawezi kulia, ni pamba!" Poppy akadakia, wakacheka wote.

"Barnaby alilia," nikasema, nikafunga mdomo. Ile "kwa nini" ilikuwa imekaa kwenye meno yangu, nikaimeza.

"Baba enda."

"Baba alikwenda." Nikadhani ni kule baharini, kama siku zote.

"Gyp enda."

Gyp ni mbwa wa Craig. "Mbwa hawezi kwenda kwenye mitambo, ataanguka majini!" mtoto mmoja akapiga kelele, wakacheka tena. Lakini Nuala alikuwa ameacha kuandika. Zamu zote Craig humwacha mbwa nyumbani, Maryport nzima inajua, maana Janine humtembeza ufukweni huku akimlaani.

"Baba alikwenda," nikasema, "na Gyp naye alikwenda."

Edie akanitazama usoni, akaona nimeelewa. "Koti Baba hakuna," akasema. "Edie lia."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Fearon akasahau hesabu zake. Poppy akainuka mkekani, akaenda kukaa karibu na kile kiti, akashika mguu wa Edie.

Saa ya kutoka mimi na Nuala tukamkuta Janine kwenye chumba cha makoti, nikamweleza taratibu kwamba Edie anajua baba yake amehama. Akawa mweupe. "Hapana. Hajui kitu. Nimemwambia baba yuko kazini, na hajaniuliza hata siku moja." Nilikuwa na maneno mia ya kumwambia, ya pole, ya chai, ya wanaume. Nikauma ulimi. Akapiga magoti mbele ya mtoto. "Edie, mwanangu, wewe ulikuwa umelala, si ndiyo? Ulikuwa..." Nikamgusa mkono wa koti. Akanyamaza. Tukangoja, watu wazima watatu katikati ya makoti yanayochuruzika maji.

"Mama lia bafuni," Edie akasema. "Fungua maji. Edie sikia."

Janine akakaa palepale sakafuni penye matope ya viatu, akalia bila kufungulia bomba lolote, na Edie akasimama kando yake akimpigapiga mgongoni kama tunavyowafanyia wao wakianguka uwanjani. Nuala nami tukatoka nje, tukasimama mvuani tusijue pa kuangalia.

Sasa unadhani nitalala? Mkutano uko palepale Alhamisi. Ila Nuala amesema hawataamua lolote kabla ya kumuuliza Edie mwenyewe, na Janine amekubali. Atawekewa kiti kidogo kati yetu na picha za shule zote mbili, na sote tutafunga midomo, hata mkuu wa shule na haraka zake. Wote wananipongeza, Dada, na mimi nazunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Sikuwa nimefikiria kwamba mtoto akishapewa nafasi ya kusema anaweza kusema lile nisilolitaka. Akiweka kidole chake kwenye ile picha nyingine na kusema "Carlisle", mimi ndiye nitakayechuchumaa nimrudishie, "Edie anataka kwenda Carlisle," kisha ninyamaze.

Nisalimie Ross na goti lake, binti yenu Fenella na mumewe, na yule mjukuu ambaye bado hamjanitumia picha yake. Shangazi anakubusu na anauliza utakuja lini, yeye hatangoja milele. Mungu awalinde huko mliko, awape usingizi ulionikimbia mimi.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye kwa maneno mengi,
Lorna