Tuta Lililoachwa na Barafu

3 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huko mjini? Watoto hawajambo? Sisi wazima. Mama magoti bado yanamsumbua, ila ulimi hauna ugonjwa wowote. Jana kamkemea daktari mpaka daktari akaomba radhi.

Nakuandikia la kazi. Nimesikia ofisi yenu inataka kuwapitishia wapanda mlima njia mpya chini ya tuta, kando ya ziwa la juu. Na nimesikia mwenye kutia saini ni wewe.

Unakumbuka marehemu baba alivyotushika vidole akavipitisha kwenye ile michirizi ya mwambani? Alisema hapa palikuwa na barafu nene kuliko ghorofa, ikiteremka taratibu, imebana mawe tumboni, inakwangua mwamba kama fundi anayepiga msasa. Njia ya zamani inapita juu ya mwamba huo. Inachosha, lakini mwamba hauporomoki. Lile tuta ni kitu kingine kabisa. Ni mzigo ambao barafu iliutua ilipoyeyuka: mawe, changarawe na udongo, vimerundikana tu, hakuna kilichoshikana na mwenzake. Kupita chini yake wakati wa mvua ni kupita chini ya shehena isiyofungwa kamba.

Njoo uone kwa macho yako kabla hujatia saini. Chai nitachemsha mimi.

Kaka yako

19 Machi

Shikamoo kaka,

Natumaini barua hii itawakuta salama, na ulimi wa mama uendelee kuwa mzima. Mimi sijambo, kazi tu imenikaba koo.

Tuta lile limekaa pale maelfu ya miaka. Lisubiri mimi nipate cheo ndipo lianguke? Wageni wanakuja kuona kazi ya barafu: bonde lililochimbwa kama beseni, jiwe kubwa kama nyumba lililoachwa peke yake uwandani, na lile ziwa. Nusu yao hawalifikii, maana njia yenu inawapandisha mwamba saa mbili nzima. Njia mpya ni dakika arobaini. Maneno ya vibao nimeyaandika mwenyewe. Usinicheke, ni maneno ya baba matupu.

Ninyi waongozaji mnaipenda njia ngumu kwa sababu bila ninyi haipitiki. Nakutania. Kidogo.

Kuja sitaweza. Nikinyanyuka tu mezani kuna mtu anakipima kiti changu.

Mdogo wako

24 Aprili

Mdogo wangu,

U mzima? Sisi tumelowa, ila wazima. Mvua haijakatika tangu mfungue njia yenu.

Jana nimepanda juu ya tuta na Kobe. Unamjua, mwongozaji mwenzangu wa miaka ishirini, yule anayetembea polepole mpaka wageni wanamwuliza kama anaumwa. Juu kuna ufa. Wiki iliyopita uliingia kidole. Jana nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kobe kaniambia, "Mwandikie dada yetu kwamba mzigo huu haujamaliza kushuka."

Tukikataa kupeleka wageni huko, ofisi inatunyang'anya vibali. Ifungeni mpaka mvua ziishe. Karatasi moja, saini moja. Nakuomba kama ndugu.

Kaka yako

30 Mei

Shikamoo kaka,

Poleni. Poleni sana. Barua hii nimeianza mara nne. Mazishini nilishindwa kuja, ofisi ilikuwa imejaa wakubwa na kila mmoja ananitaka mimi. Mpe pole mke wa Kobe. Wale wageni wake wawili wamefika kwao salama, angalau hilo.

Kaka, ripoti inasema mwongozaji aliacha njia akapanda tuta. Nimeitia saini. Watakuletea karatasi uthibitishe, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa nyuma yake. Thibitisha, yaishe. Kobe haitamwuma tena, na sisi tuliobaki tuna watoto.

Mdogo wako

6 Juni

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Nimeandika hivyo kwa mazoea.

Ngoja nikueleze, maana ripoti yako haikuwepo. Nilikuwa nyuma yao hatua hamsini, nimebeba maji. Nikasikia mlio kama lori linamwaga kokoto. Kobe akapaza sauti, "Mwambani! Kimbilieni mwambani!" Kisha nikamwona anakimbia, mara ya kwanza tangu nimjue. Alimsukuma yule mama mtu mzima na mumewe mpaka wakaushika mwamba. Halafu akageuka kutazama kama mimi nimesimama, na tuta likamchukua. Alikuwa njiani. Njia yenu, katikati kabisa. Tulichimba siku tatu. Kabla ya kumfikia yeye tulikifukua kibao chenye maneno ya baba.

Sokoni wanamwambia mkewe kwamba mume alijitakia. Ameacha kwenda sokoni.

Karatasi waliileta. Nimewarudishia tupu. Andika ukweli. Barua yangu ya Aprili unayo.

Mama nimemdanganya kwamba ulikuwa mgonjwa, ndiyo maana hukuja kuzika.

Kaka yako

15 Agosti

Shikamoo kaka,

Hamjambo? Sijui hata kama nina haki ya kuuliza.

Barua ya Aprili ninayo. Iko nyumbani, kwenye droo, chini ya nguo za watoto. Ilinifikia siku tisa kabla ya ajali. Niliisoma nikaona haya kwenda kumwambia mkubwa wangu kwamba kaka yangu ameingiza mkono kwenye ufa. Nikajisemea, mvua zinakaribia kukatika. Kila asubuhi nilijisemea hivyo.

Sikuiweka kwenye faili. Ikionekana leo nimekwisha, na siyo kazi tu. Nakupigia magoti, usimtajie mtu. Desemba nitawaleta watoto wauone mlima, na sisi tukae tuzungumze.

Mdogo wako

11 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu nimezikosa, nitakuandikia habari tu.

Wachunguzi kutoka makao makuu wamekuja, nikaenda mbele yao. Wakaniuliza, "Ulimwonya nani?" Nikasema, msimamizi wa njia. "Kwa mdomo?" Kwa barua, nikasema, na ilimfikia siku tisa kabla. Mmoja akauliza, "Wewe umejuaje imefika?" Nikamwambia, kaniandikia mwenyewe, ni mdogo wangu, tumetoka tumbo moja. Mwandishi wao akaacha kuandika, akanitazama.

Watakuja kwako kuichukua. Nakwambia mapema usije ukasema nilikuvizia. Kuichoma unaweza, kiberiti hakikosekani. Lakini mke wa Kobe alikuwa amekaa pale pembeni, kasikia kila neno, na alipotoka alipitia sokoni akanunua mboga.

Mama nimemweleza yote. Akaniuliza, "Siku tisa hizo, alikuwa anaweza kutembea? Alikuwa anaweza kushika kalamu?" Nikasema ndiyo. Akaniomba nisimsomee tena barua zako.

Watoto walete Desemba, hawana kosa. Nitawapandisha mwenyewe kwa njia ya zamani. Ukitaka kuja nawe, njoo, mlima hauna mwenyewe. Ila utafute mwongozaji mwingine.

Kaka yako