Siku niliyovaa namba tatu ya Tata Ilunga

Jumapili, Julai. Asubuhi baridi ya kung'ata masikio, mchana vumbi la Kolwezi kama kawaida. Shingo yangu haigeuki. Nikitaka kumwona mke wangu aliyeketi kushoto nageuza mwili mzima, naye anacheka tu.

Tumeshinda!

Acha niandike tena, kwa sababu bado siamini. Tumewashinda watu wa Likasi bila Tata Ilunga, na mimi ndiye niliyekuwa mahali pake.

Tata Ilunga alifariki mwezi uliopita kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa mchezaji mzee kuliko wote katika klabu yetu ya raga, mvi kichwa kizima, masikio yamekunjamana, na bado namba tatu ilikuwa yake. Namba tatu huinama mstari wa mbele, upande wa kulia wa mele, pale watu wanane wanaposhikana mabega na kusukumana na wanane wa upande wa pili. Akirudi nyuma yeye, wote wanarudi. Tata Ilunga hakurudi. Watu wa Manika, mtaa wetu, wasiojua hata sheria moja ya raga walikuja uwanjani kumtazama tu asivyorudi.

Mimi aliniingiza klabuni kwa hila. Hatuna mashine ya kufanyia mazoezi ya mele, kwa hiyo vijana walikuwa wakisukuma pikapu yake kwenye barabara ya Musonoi, yeye akiwa ndani, ameshika usukani na kuvuta breki ya mkono kidogo ili uzito uongezeke. Wapita njia walidhani gari limeharibika. Jioni moja natoka ofisini na shati langu jeupe, nikamwona mzee wa watu na gari lake bovu, nikaingiwa na huruma, nikaenda kusaidia. Nilisukuma mpaka shati likawa na rangi ya barabara. Ndipo akawasha injini, ikanguruma vizuri kabisa, akatoa kichwa dirishani.

"Weye uko na miguu," akaniambia. "Mele banasukumaka na miguu, hapana na mudomo. Kuya mardi."

Nilikasirika kweli. Jumanne nikaenda.

Nilimpenda sana mzee yule, lakini siku ya kilio chake nilishindwa kulia. Wajukuu walivaa nguo zake na kuiga mwendo wake, kama desturi yetu, watu wakacheka mpaka machozi. Mimi nilikaa kama gogo. Nilikuwa nafikiria jambo moja tu, na naona aibu kuliandika: nani atashika namba tatu? Juzi kapteni alipolitaja jina langu, nilimwomba Mungu anipe malaria.

Malaria haikuja.

Mimi ni mwembamba, hilo halifichiki. Likasi waliponiona, mmoja wao akauliza kwa sauti, "Namba tatu yabo njo huyu?" Wakacheka. Sawa. Wembamba wa reli, treni inapita humo humo. Lakini kusema ukweli, mele za mwanzo tulirudi nyuma, na watu pembeni wakanyamaza. Ukimya ule uliniuma kuliko shingo. Kesho wangesema timu imezikwa pamoja na mzee, na wa kulaumiwa ningekuwa mimi.

Kosa langu lilikuwa kumwiga. Nilikuwa nainama kama yeye, mtu mfupi mwenye kifua cha pipa, na mgongo wangu mrefu ukakunjika katikati. Baada ya mapumziko nikaacha. Nikapanga miguu yangu kama nilivyozoea nyuma ya ile pikapu, mbali na mwili, visigino juu. Tukaacha kurudi.

Mwishoni tulikuwa mbele kwa pointi mbili tu, na Likasi wakapata mele hatua chache kutoka mstari wetu. Wakisukuma, wanafunga, wanashinda. Tukashikana. Nilifikiria unyayo wangu wa kulia, basi. Kisha nikahisi yule wa mbele yangu analegea, kidogo, halafu zaidi. Walirudi! Wakarudi tena, wakaporomoka, na mkono wa mwamuzi ukainuka upande wetu: penalti yetu, na muda umekwisha. Tukaugusa mpira kwa mguu, tukaupiga nje, filimbi ikalia, na Manika nzima ikamwagika uwanjani.

Hapo ndipo nilipolia, shajara yangu. Kwa sauti, mbele za watu, kapteni amenibeba begani kama gunia la makaa.

Jezi za timu nzima hufuliwa na Mama Béatrice, mjane wa Tata Ilunga. Alipita na beseni lake kubwa, kila mmoja akatupia yake. Nilipovua namba tatu na kumnyooshea, aliitazama sana, akaisukuma ikarudi kifuani kwangu.

"Za bengine nitafula," akasema. "Hii nilikuwa nafulaka sababu ni ya bwana yangu. Sasa ni yako, mutoto. Utafula mwenyewe."

Mke wangu alinyoosha mkono aichukue, nikamkatalia. Nimeifua mwenyewe, nimebadilisha maji mpaka yakaacha kuwa mekundu kwa vumbi. Iko kwenye kamba nyuma ya nyumba, na kila mara natoka kuishika nione kama imekauka, ingawa najua baridi hii haikaushi kitu. Jumanne kuna mazoezi. Nitaivaa hata ikiwa mbichi.